Jirani hajui umesafiri ila status wanajua wote

Desemba hiyo inanukia na sisi wa Dar tunaopanda kwenda Kilimanjaro tushaanza kuulizana tiketi. Mwaka huu kabla hata sijagusa begi nimeanza na nyumba, maana mwaka juzi nilikoma.

Siku moja kabla ya safari maji yalikatika mtaani, si unajua, unafungua bomba linapumua tu fyuuu, unakasirika unaondoka zako unaliacha wazi. Alfajiri tukawahi basi Mbezi. Maji yakarudi usiku wake, na kwenye sinki nilikuwa nimeacha sufuria la ugali limeziba tundu. Mama jirani ndo aliona maji yanachungulia chini ya mlango, ananipigia mimi niko Rombo huko mgombani simu haishiki, funguo hana, koki ya kwenye mita imefukiwa na mchanga hakuna anayejua ilipo. Walichimba vijana wa bodaboda mpaka wakaipata. Narudi nakuta godoro la watoto limenyonya kama sponji na unga umekuwa uji chini ya kabati.

Kilichoniuma ni alivyoniambia: "Baba Neema, hata kuaga?" Na kweli, sikuaga, eti naogopa wezi wasijue. Halafu tiketi nikaiposti status, wakaiona mpaka watu nilionunua kwao simu used mwaka 2019! Sisi watu tuna akili za ajabu sana.

Kwa hiyo kufuli la kilo nzima mlangoni mi siliamini tena. Koki ya mita nafunga, gesi nafunga kwenye mtungi wenyewe sio kwenye jiko tu, plagi zote natoa isipokuwa ya friji. Taa ya nje siiachi ikiwaka mchana kutwa, hiyo ni kutangaza kwamba hapa hamna mtu. Friji ndo la kuangalia, umeme wa LUKU ukiisha hakuna wa kuongeza, basi weka glasi ya maji kwenye friza, ikishaganda weka sarafu ya mia mbili juu. Ukirudi ukikuta sarafu iko chini kwenye barafu, jua iliyeyuka ikaganda tena, hao samaki usiwaonee huruma.

Na funguo ya akiba iko kwa Mama jirani. Kashaniambia nisirudi bila mkungu wa mshare, na sio ule mdogo.