Sony A9 III: kasi tumeongezewa, mwanga tumekatwa

"Imepiga ngapi?" Hilo ndilo swali la kwanza ukienda kununua bodi ya kamera iliyotumika, na ndilo linaloongoza kwa kujibiwa uongo. Muuzaji atakuapia kwa Mungu haijazidi elfu thelathini. Ukiingiza picha yake moja kwenye kompyuta unakuta laki moja na ushee. Tunauliza kwa sababu shata ya chuma, yaani pazia dogo ndani ya kamera linalofunguka na kujifunga kwa kila picha, ni kama pedi za breki: kila ukibonyeza, kuna kinacholika.

Sony walipoitangaza A9 III, tarehe 7 Novemba 2023, walilizika swali hilo. Kamera haina shata ya chuma kabisa. Kwa hilo peke yake hawakuwa wa kwanza, maana Nikon walishaiondoa kwenye Z9 mwaka 2021. Kilichowafanya wapigapicha wakeshe wakibishana ni sensa yenyewe, kile kipande kinachopokea mwanga: ya kwanza ya fremu kamili, yaani yenye ukubwa wa filamu ya milimita 35, inayoikamata picha nzima kwa mpigo mmoja. Bodi tupu, bila lenzi, ilitoka kwa dola 5,999.

Nimekula jasho langu kwenye kazi hii, harusi nyingi na mpira kidogo, na najua kamera mpya ikitangazwa huwa tunagawanyika kabla hata hatujaishika. Safari hii kila upande ulikuwa na hoja ya kweli, ila wote walipoteza muda mwingi kwenye kasi yake ya picha 120 kwa sekunde. Kwangu mimi kasi si habari kubwa ya kamera hii. Habari ni mwanga: wapi inakuongezea, na wapi inakunyima.

Sensa za kawaida husoma picha mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini, kama mwalimu anayepita dawati kwa dawati kukusanya madaftari ya mtihani. Mpaka afike nyuma, wa mwisho ameshaongeza majibu mawili. Ndiyo maana ukipiga bila shata ya chuma, kijiti cha mpiga dramu kinapinda kama mpira na rimu ya bodaboda inageuka yai. Sensa zenye mbio, kama ya Z9 au ya Sony A1 ya mwaka 2021, humaliza kupita darasa zima ndani ya takriban sehemu moja ya 250 ya sekunde, kwa hiyo kupinda kunapungua sana. Kunapungua, hakuishi. A9 III haipiti dawati kwa dawati. Inasema "kalamu chini!" na darasa zima linaacha kuandika.

Walioishangilia walianzia hapo, na mimi nawaelewa kwa sababu ya aibu iliyowahi kunikuta. Ilikuwa ndoa ya kanisani. Padri alishatuonya mapema kwamba wakati wa viapo hataki kusikia mlio wa kamera, nami nikajifanya mjanja, nikaiweka kamera kwenye hali ya kimya. Kanisa lilikuwa limefungwa taa za LED za bei ya chini. Kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera kila kitu kilionekana shwari. Usiku, kwenye kompyuta, nikaona michirizi ya rangi ya kahawia imelala juu ya uso wa bibi harusi, kuanzia shela hadi shingoni, kama mtu kamwekea pazia la mbao. Karibu picha zote za viapo zilikuwa hivyo. Mama mzazi aliponiuliza, "Baba, hiki kivuli cha nini?", sikuwa na jibu ambalo lingempoza.

Sababu ni rahisi. Umeme wetu ni wa hetzi 50, kwa hiyo taa nyingi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na baadhi ya LED zinazopunguzwa mwanga hufanya hivyo mara nyingi zaidi. Sensa inayosoma mstari kwa mstari inaikuta taa imewaka kwenye mstari huu na imefifia kwenye ule. Sensa ya mpigo mmoja haiwezi kutoa michirizi hiyo. Hata hivyo taa zenyewe hazijaacha kupepesa: picha hii itatoka angavu, inayofuata imefifia kidogo, na pengine rangi imeegemea upande mwingine. Wanaoisifu kamera hii huwa hawafiki kwenye sentensi hiyo. Mimi lakini ningebadilishana leo leo. Picha iliyofifia naihariri kwa dakika moja, uso wenye michirizi haurekebishiki.

Faida kubwa zaidi, na inayozungumzwa kidogo kuliko inavyostahili, ni flashi. Kila anayepiga maharusi ufukweni saa saba mchana anaijua dhiki hii. Jua liko utosini, macho ya watu yamegeuka mashimo meusi, na bahari nyuma yao inawaka kama bati jipya. Dawa ni kulibana jua kwa kasi ya shata na kuwamulika watu kwa flashi. Lakini shata ya chuma hugoma ukizidi sehemu moja ya 200 au 250 ya sekunde, kwa sababu kupita hapo pazia halifunguki lote kwa wakati mmoja. Njia ya kuzunguka ipo: flashi inapasua mwanga wake vipande vipande vya haraka. Gharama yake ni nguvu. Mwanga unaobaki ni haba mno kupambana na jua la pwani, ndipo unaona mtu anabeba taa ya betri nzito kama mtungi wa gesi na kijana wa kuishikilia isiangushwe na upepo.

A9 III inafyatua flashi kwa kasi yoyote ile, hadi sehemu moja ya 80,000 ya sekunde. Hili si jipya kabisa. Nikon D1 ya mwaka 1999, yenye megapikseli 2.7 tu, ilifika sehemu moja ya 500 kwa sababu sensa za wakati ule zilikuwa na tabia ya namna hii, na wakongwe waliowahi kuishika hawajaacha kuisimulia. Ila kuna hesabu ambayo tangazo haliisemi kwa sauti. Mwanga wa flashi nao una urefu wake. Flashi ya kawaida ya juu ya kamera ikipigwa kwa nguvu zote, mwanga wake unaweza kudumu karibu sehemu moja ya 1,000 ya sekunde au hata zaidi. Ukifungua shata kwa sehemu moja ya 80,000, unachota kijiko kimoja kwenye sufuria. Kwa hiyo hiyo 80,000 ni ya kutambia. Neema ya kweli iko kati ya sehemu moja ya 1,000 na 4,000 hivi, na kwa mtu wa ufukweni hiyo peke yake inaweza kumfanya auache mtungi wa gesi nyumbani.

Basi wapinzani walipinga nini? Walipinga tarakimu moja kwenye karatasi ya sifa: ISO 250. ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga.

Kamera nyingi za daraja hili zinaanzia ISO 100 au jirani na hapo. Hii inaanzia 250 na kuishia 25,600, na ukiilazimisha ishuke hadi 125 unapata namba tu, hupati ubora. Chanzo ni ile ile "kalamu chini". Ili picha nzima ikamatwe kwa wakati mmoja, kila pikseli inahitaji mahali pa kuhifadhi ilichokusanya ikisubiri zamu ya kusomwa, na mahali hapo panamegwa kwenye nafasi iliyokuwa ya kupokea mwanga. Ni kama kukinga mvua kwa ndoo uliyoweka ndoo nyingine ndogo ndani yake. Inajaa mapema. Matokeo yake ni chembechembe zaidi kwenye giza, na uwezo mdogo wa kubeba jua na kivuli kwa pamoja. Ukiilinganisha na sensa nzuri ya kawaida, tofauti ni kama stopu moja, yaani kama kupoteza nusu ya mwanga, na kwenye mwanga mwingi hata zaidi ya hapo.

Stopu moja ni nini? Kwa mpigapicha wa studio, si kitu. Kwa anayepiga harusi zetu, ni tonge lenyewe. Fikiria bwana harusi mweusi wa kweli, suti nyeusi, amesimama kando ya gauni jeupe lililosheheni vimetameta, ndani ya ukumbi ambao MC kaagiza taa za zambarau. Ukilinda gauni lisiungue, uso wa bwana unazama. Kuunyanyua baadaye kunategemea kile ambacho sensa ilihifadhi gizani, na hapo ndipo hii inapotoa mkono mfupi. Nimesoma watu wakiandika kwamba tofauti haionekani. Wengi wao mifano yao ni ya watu weupe kwenye nyasi za kijani.

Kuna jibu kwa hoja hiyo, na ni haki kulitaja. Programu za kusafisha chembechembe zimekuwa hodari mno, na mteja wetu anaiona picha kwenye simu, imeshabanwa na WhatsApp. Huko hakuna sensa inayomzidi mwenzake. Lakini mteja huyo huyo mwaka ukiisha anarudi kuomba picha moja ichapwe ukubwa wa ukuta wa sebule, na ukuta wa sebule hausahau.

Mpira ni kesi nyingine, na huko sina ubishi mkubwa. Michuano ya CHAN ilipofanyika Agosti 2025 Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, viwanja vyetu vilijaa mabango ya LED pembezoni, na AFCON ya 2027 inakuja nchi hizi hizi. Mabango hayo ni adui wa sensa za mstari kwa mstari. Ongeza kwamba A9 III inaweza kutunza picha za hadi sekunde moja kabla hujabonyeza kitufe, na kichwa ulichochelewa kukiona unacho tayari. Huku kwenye mpira nusu yetu tunaishi kwa kuchelewa.

Ile kasi nayo ina tumbo. Ukipiga picha za RAW, yaani ghafi, 120 kwa sekunde, kamera inavuta pumzi kwa sekunde moja na nusu hivi, inajaa, inakuomba usubiri. Kila sekunde inakula takriban gigabaiti tatu kwenye kadi za CFexpress Type A, ambazo bei yake ni msiba wa peke yake.

Hapo tunafika kwenye pesa. A9 ya kwanza, mwaka 2017, ilitoka kwa dola 4,500, na ya pili mwaka 2019 ikabaki hapo hapo. Hii ya tatu imeruka dola 1,500. Kwa shilingi ya Tanzania bodi peke yake ni kama milioni 15, kabla hujaongea na watu wa ushuru na VAT ya asilimia 18. Shirika kubwa la habari linaibeba gharama hiyo. Associated Press, iliyohamia Sony mwaka 2020, inawakabidhi watu wake vifaa. Mwenzangu na mimi tunakwenda kukopa SACCOS, na marejesho hayaulizi kama Kwaresima imezima harusi. Kuna walionunua na kuandika kwenye kurasa zao "tumeboresha huduma". Bei za vifurushi vyao hazijapanda. Kamati za harusi hazijui sensa, zinajua bajeti.

Kinachonifanya niamini kwamba wapinzani hawakuwa na wivu mtupu ni yaliyofuata. Canon walitangaza EOS R1 Julai 2024, bodi yao ya juu kabisa kwa wapiga michezo, dola 6,299, picha 40 kwa sekunde, na sensa yake bado inasoma mstari kwa mstari, ila mbio. Nikon Z6 III ya Juni 2024, iliyotoka kwa dola 2,500, nayo ilinunua kasi ya kusoma na ikalipa kwa vivuli vyenye chembe zaidi kuliko ya kabla yake; deni ni lile lile, kwa kiwango kidogo. Na Sony wenyewe, Novemba 2024, walipoileta A1 II, megapikseli 50 na dola 6,499, hawakuitia sensa ya mpigo mmoja. Wenye teknolojia mkononi waliiacha nje ya kamera yao ya juu kabisa ya picha. Hawajatuambia sababu kwa lugha nyepesi, lakini mimi nimeisoma hivyo: bado wanaona kuna watu wasiotaka kutoa mwanga ili wapewe kasi.

Mwenzangu wa mpira aliikodi moja kwa siku mbili, tukakaa usiku na kompyuta. Mechi ya saa kumi, nusu ya uwanja iko juani na nusu kwenye kivuli cha paa. Goli moja la kichwa limezaa picha 140. Ya 61 ilitufanya tunyamaze: mpira umebonyea kwenye paji la uso, jasho limeruka kama shanga zilizokatika uzi, na maandishi ya bango nyuma yanasomeka herufi kwa herufi. Sijawahi kuipata picha hiyo kwa kamera yangu. Kisha akavuta kivuli kidogo ili uso wa mfungaji uonekane, chembechembe zikaja kama unga wa ngano. Akarudisha nyuma. Akavuta tena, taratibu zaidi, akaniangalia. "Hii naituma," akasema, "ila usoni wataona nilivyohangaika." Akaanza kufuta zile 139.