Pini Inayokataa Kutoka Haihitaji Nyundo

Kila ninapopita mahali ambapo lobedi kuukuu, yaani trela la chini la kubebea mitambo mizito, imeegeshwa kando ya barabara, iwe Salgaa au njiapanda ya Ahero, na nikasikia nyundo ikigonga chuma, hujua bila kuuliza kwamba shingo ya trela, ile sehemu ya mbele inayoliunganisha na lori, imekataa kuachana na jukwaa la kubebea mzigo. Lobedi za aina hiyo huchomolewa shingo upande wa mbele ili jukwaa lilale chini na eskaveta ipande au iteremke yenyewe kupitia mbele. Ni mpango mzuri kuliko ngazi za nyuma, ambazo mvua ikinyesha huwa utelezi mtupu chini ya minyororo ya chuma ya eskaveta. Tatizo langu ni nyundo.

Ukimuuliza utingo, atakwambia kwamba pini inayofunga shingo kwenye jukwaa imeshikwa na kutu. Sikatai kwamba kutu ipo, hasa kwa trela lililokaa uani msimu mzima bila grisi, lakini kwa niliyoyaona, mara nyingi pini hukataa kwa sababu ingali imebeba uzito. Jukwaa likishatulia chini, wenzo wa haidroliki, unaoinua na kushusha shingo, huchezwa kidogo kidogo, juu na chini, kwa kiasi cha upana wa kidole, mpaka pini isiwe na mzigo wowote. Hapo huvutwa kwa mkono. Shingo huendelea kushushwa hadi kulabu zake ziachane kabisa na jukwaa, mipira ya upepo na waya za taa zikafunguliwa, ndipo kichwa cha lori kisogee mbele.

Masika moja tulikuwa katika tambarare za Kano tukiteremsha eskaveta ya tani 20. Udongo mweusi wa kule, ukilowa, humeza chochote kizito, na upande wa kulia wa jukwaa ulizama huku kulabu ya kushoto ikibaki na mzigo wote. Utingo aligonga pini ya kushoto kwa karibu nusu saa. Tajiri alikuwa kwenye simu akisema, "Mwambieni kijana atumie nguvu." Dereva wetu, mtu wa makamo, alimjibu kwa upole, "Mzee, nguvu si tatizo, ardhi ndiyo haiko sawa." Tulichimba matope, tukapachika mataruma ya mbao upande uliozama, tukainua shingo kidogo, na pini ya kulia ikatoka kama kisu kwenye ala. Ile ya kushoto ilikuwa imekwisha kupanuka kichwa kwa mapigo, kwa hiyo ilibidi fundi aje na gesi aikate.

Hasara ya pini ni ndogo. Ninachokiogopa ni siku ambayo nyundo itafaulu, pini iruke ikiwa jukwaa bado linaning'inia, na kijana awe amepiga goti hapo hapo kwenye kiungo, mguu mmoja chini ya chuma. Kwa sababu hiyo nawalaumu matajiri kabla ya vijana. Wengi hununua trela la zamani kisha wakalifunga kwenye kichwa chochote kinachopatikana, bila kupima kimo cha sahani ya lori inayobeba kingpini, ile pini kubwa inayounganisha trela na lori, wala mahali ambapo mkono wa shingo utaegemea kwenye chasisi. Shingo ikikaa kwa pembe isiyo yake, pini hubanwa kila safari, na hakuna grisi itakayosaidia. Mkono huo una nafasi za kurekebishia kimo; nimeona trela ambazo nafasi hizo zimejaa rangi, ishara kwamba hazijaguswa tangu zipakwe.

Jambo jingine ni wenzo wenyewe. Dereva huuchezea wenzo akiwa upande mmoja, utingo akitazama pini upande wa pili, wakipigiana kelele juu ya mngurumo wa injini. Kwa maoni yangu, anayeshika wenzo asiusogeze kabla hajamwona mwenzake kwa macho amesimama kando, nje ya nafasi iliyo kati ya lori na jukwaa. Sauti pekee haitoshi.