Kabla ya Ulaya, Kaa Kwanza Kisutu

Wiki iliyopita mpwa wangu, aliyemaliza shahada ya uandishi wa habari mwaka huu, alinipigia simu, na baada ya shikamoo akasema haja yake: "Mjomba, niunganishie huko Ulaya. Hapa nyumbani sitaki hata kuanza." Maneno hayo yameninyima usingizi, kwa sababu ndiyo niliyoyasema mimi nilipoondoka Dar es Salaam wiki 3 tu baada ya mahafali.

Ninamjibu yeye na wenzake wanaotazamia kazi ya habari Bonn, London na Beijing: nendeni, lakini msianzie huko.

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na gati la Ukara, kisiwa cha Ziwa Victoria wilayani Ukerewe, nilikuwa zamu katika idhaa moja ya Kiswahili barani Ulaya. Kivuko hicho kiliruhusiwa kubeba abiria 101, lakini waliokufa peke yao walizidi 200. Nilikuwa na studio nzuri na intaneti ya kasi, ila sikuwa na namba ya simu ya mtu hata mmoja Ukerewe. Nilichoweza kufanya ni kutafsiri taarifa za mashirika ya habari kutoka Kiingereza, nikiwasimulia watu wa Kanda ya Ziwa msiba wao wenyewe kwa maneno ya watu wasiowajua. Mwishowe nilimpigia mwenzangu tuliyesoma darasa moja, aliyebaki Mwanza akiliandikia gazeti kwa malipo ya habari moja moja. Yeye alikuwa na namba ya muuguzi, ya diwani, na ya mvuvi aliyewahi kumsaidia katika habari ya nyavu haramu, na wote walipokea simu yake usiku ule, kwa kuwa kwa miaka kadhaa alikuwa amekaa nao mialoni, vikaoni na misibani. Kuaminiwa kwa namna hiyo hakufundishwi chuoni, wala hakupatikani kwa kupiga simu kutoka ng'ambo. Hupatikana kwa kushinda katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, tangu asubuhi ukisubiri kesi ambayo itaahirishwa, na kurudi tena siku iliyopangwa, mpaka karani akujue kwa jina. Asiyepitia hayo akaenda nje atakuwa mtafsiri hodari, na mimi nilikuwa mtafsiri hodari kwa muda mrefu mno.

Nakubali, tena kwa uchungu, kwamba malipo ya nyumbani ni duni, kwamba wengi hawalipwi mpaka habari itoke, na kwamba bahasha za fedha za waandaaji wa mikutano zimewaharibu vijana wenye vipaji.

Hata hivyo, ng'ambo nako si ngome. Machi 2025 wafanyakazi wa Sauti ya Amerika, ambayo idhaa yake ya Kiswahili ilianza mwaka 1962, walipewa likizo ya lazima siku moja baada ya Rais Donald Trump kutia saini amri ya kulipunguza shirika linaloisimamia, na waliokuwa na viza zilizofungamana na ajira wakakabiliwa na hatari ya kuondoka Marekani. Ninawafikiria hasa walioondoka kwao mapema, kabla hawajajulikana na yeyote.

Nimempa mpwa wangu namba ya yule mwenzangu wa Mwanza, na nimemwahidi kwamba akikaa naye miaka 2, barua ya utambulisho nitaiandika mwenyewe. Hajanijibu.