Mlango Ukagongwa, Sura Ikaisha

Macho haya mekundu mnayoyaona si ya pombe wala si ya msiba. Ni ya riwaya. Shemeji yangu kaniletea kitabu cha kurasa 412, akaniambia, "Shemeji, hiki ukikianza utasahau kula." Nikamwona mtu mwema. Sasa najua alikuwa analipiza kisasi cha jambo ambalo mimi nimeshalisahau.

Riwaya yenyewe inahusu dunia kusambaratika. Sura ya kwanza umeme unakatika. Ya pili maji. Ya tatu simu zinazimika, na kufikia ya nne watu waliokuwa wakisalimiana kila asubuhi wanatoana roho kwa ajili ya betri. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na mlango.

Mwandishi huyu ana maradhi ya mlango. Sura inakwenda vizuri, jamaa kajifungia ndani na wanawe, mshumaa umebaki ncha, kimya kimetanda, mara: mlango ukagongwa mara tatu. Basi. Sura imeisha. Unafunua ukurasa kwa pupa, moyo unadunda, unamkuta nani? Mzee mmoja mwenye mashua, yuko ziwani huko, anaparua kutu. Kurasa 30 za mzee na kutu! Nilimchukia yule mzee kama mtu aliyenipita kwenye foleni. Nataka kuziruka kurasa zake, naogopa, isije ikawa kutu ndiyo ufunguo wa siri yote. Saa nane za usiku ndipo naruhusiwa kurudi mlangoni. Aliyegonga? Jirani. Kaja kuomba kiberiti.

Nikakaa kitandani nakitazama kile kitabu kama mtu aliyedhulumiwa. Kisha, kwa ujinga wangu, nikaendelea, maana sura hiyo nayo iliishia mlango ukigongwa.

Lakini kinachoniuma zaidi ni wahusika. Hivi dunia ikiharibika wanaobaki huwa ni mafundi watupu? Kuna daktari wa upasuaji mstaafu. Kuna mwanajeshi anayewasha moto kwa kioo cha miwani. Kuna binti wa miaka 19 anayepiga mshale kutoka juu ya paa, na hakosi. Mimi kazi yangu ni kupokea ripoti za watu wanne, kuzifanya moja, na kumpelekea mtu wa tano ambaye haisomi. Nimefika ukurasa wa 260, hakuna hata mmoja aliyepiga kelele, "Jamani, hapa kuna mtu wa majedwali?"

Nikamuuliza mwanangu, ambaye amekisoma chote kwa kunichungulia begani. "Ingekuwa ni sisi, mimi ningekuwa nani humu?"

Hakufikiri hata kidogo. "Yule wa sura ya tatu, baba."

Wa sura ya tatu hana jina. Anarudi ghorofani kuchukua chaja, haonekani tena.

Na yule mwanajeshi ndiye aliyenipandisha mori kabisa. Sura ya 17, miaka 7 baada ya balaa, anakuta gari gerejini, anafuta vumbi, anazungusha ufunguo, gari linaunguruma. Miaka saba! Mimi pikipiki yangu niliiegesha miezi kumi tu. Nilipoirudia ilikohoa mara mbili ikanyamaza. Fundi akafungua kabureta, akanionyesha utando wa njano unaonata vidoleni, akaniambia petroli nayo huchacha: ile sehemu nyepesi inayoshika moto haraka hupotea hewani, na inayobaki ikikaa sana hugeuka gundi. Hapo sijagusa betri, ambayo baada ya miaka 7 haiwezi kuwasha hata taa ya ndani. Jambo likanikaa kooni, nikamwamsha mke wangu nimweleze.

"Baba watoto," akasema bila kufumbua macho, "huyo mtu hayupo. Lala."

Sikulala. Nilipiga hesabu ya maji. Wanaoshauri watu kujiandaa kwa majanga husema karibu lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kujisafisha kidogo. Sisi tuko wanne. Kwa wiki mbili ni lita 224. (Kwenye riwaya wanatoroka watu sita na chupa moja, tena wanamwagia kidonda.) Nikajaza ndoo, sufuria, beseni, hata birika la wageni. Vyombo vikaisha, lita hazijafika hata 80. Saa kumi na moja alfajiri mke wangu akaamka kwenda msalani gizani, akazamisha mguu kwenye beseni, na alipojaribu kuutoa akakanyaga sufuria. Maneno aliyoyasema hayamo kwenye riwaya yoyote ya kiama, ila yangefaa.

Nikajitetea kwa elimu. Hapa ndipo nilipojimaliza mwenyewe.

Nikamwambia, wewe unadhani hizi ni hadithi? Tarehe 13 Machi 1989, dhoruba iliyotoka kwenye jua iliangusha gridi nzima ya umeme ya Quebec kule Kanada ndani ya sekunde 90 hivi. Watu milioni 6 wakakaa gizani kama saa 9. Sekunde 90! Mimi kwa muda huo hata soksi ya pili sijaiona. Yeye kimya, anakamua pindo la gauni. Nikaona nimeshinda, nikaongeza na la 2003. Tarehe 14 Agosti, watu milioni 50 hivi wa Marekani na Kanada walikosa umeme. Na unajua lilianzaje? Si bomu, si jua, wala si maadui. Huko Ohio nyaya zilipata joto, zikalegea, zikagusa miti ambayo haikupogolewa. Na kwenye chumba cha kusimamia gridi mfumo wa tahadhari ulikuwa umezimika kimyakimya, walio zamu wakadhani mambo shwari. Miti, mama watoto! Matawi!

Neno "matawi" liliponitoka, nikalisikia.

Mke wangu akaacha kukamua. Akageuza shingo taratibu hadi dirishani. Kumeshapambazuka, na mti wetu umesimama pale, tawi moja limenyooshwa kuelekea waya kama mkono wa mtu anayeomba.

"Baba watoto. Mwaka wa pili huu nakwambia uwapigie watu wa umeme waje walikate lile tawi."

Nilitaka kumkumbusha kwamba halijaugusa waya, limeuelekea tu. Nikamtazama mguu uliolowa, nikameza.

Ndiyo maana mnaniona na simu sikioni tangu wafungue ofisi. Niko kwenye foleni, mtu wa 14. Kinapigwa kinanda, kisha sauti ya mashine inaniambia simu yangu ni muhimu sana kwao, kisha kinanda tena, kilekile, kutoka mwanzo. Nilipofika wa 9 nilianza hata kukohoa kuandaa sauti. Ikakatika. Nikapiga upya, nikawa wa 16, na ndio nimepanda tena hadi hapa. Kitabu nimenyang'anywa. Mwenyewe amekaa kiti cha pili, miguu juu ya ndoo aliyoipindua, anasoma kurasa zangu za mwisho, na kila baada ya muda anaguna, "Mh!" Mlango uligongwa ukurasa wa 391, na wa 392 sikuwahi kuufunua.

"Mama watoto, aliyegonga ni nani?"

Akalamba kidole, akafunua ukurasa, hakuinua macho.

"Wapokee simu kwanza."