Fedha za kampuni na mikoko: kinachohesabiwa ni nini?

Kampuni inapogharimia upandaji wa mikoko katika pwani ya Kenya kwa jina la wajibu wake kwa jamii, wakosoaji husema inajisafisha tu. Shutuma hiyo ina msingi, ila inawasahau wanavijiji ambao huzihitaji fedha hizo kweli, na ambao tatizo lao ni kwamba hulipwa kwa kupanda, si kwa kutunza.

Kwa upande wa kampuni, mche ni kitu kinachohesabika, bajeti ni ya mwaka mmoja, na lengo la serikali la miti bilioni 15 ifikapo 2032 linahimiza hesabu ya aina hiyohiyo. Vitalu vya miche navyo huwapa kina mama kipato.

Lakini tutazame Sri Lanka baada ya tsunami ya 2004. Watafiti walipopitia maeneo 23 yaliyopandwa, yenye jumla ya hekta 1,000 hadi 1,200, walikuta zilizofanikiwa ni 200 hadi 220 tu, na katika maeneo 9 hapakusalia hata mche mmoja. Miche mingi ilipandwa mahali ambapo kujaa na kupwa kwa maji hakukuifaa, kisha ikaachwa bila matunzo. Anayehesabu siku ya kupanda angeandika mafanikio katika maeneo yote 23, hata hayo 9, na hapo ndipo penye kasoro: kosa halionekani mpaka mfadhili awe ameondoka. Mkata boriti yeyote wa pwani yetu anajua kwamba, kati ya aina za mikoko, mlilana hukaa mbele baharini na mkandaa nyuma zaidi, ila aina iitwayo mkoko hasa ndiyo hupandwa popote kwa sababu mbegu yake ndefu huchomekwa topeni kwa mkono.

Gazi, huko Kwale, hali ni tofauti. Tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja huuza hati za hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko, takribani tani 3,000 kwa mwaka, kutokana na hekta 117 ambazo sehemu kubwa ni msitu wa asili unaolindwa, na mapato yamegharimia maji na shule. Ni kweli kwamba ithibati ya kuuza hati hizo ni ghali na huchukua muda, hivyo vikundi vingi vidogo haviimudu. Pengo hilo ndilo fedha za kampuni zingeliziba vyema, kwa mkataba wa miaka mitano unaolipa kulingana na miche iliyosalia. Kampuni isiyoweza kuahidi zaidi ya mwaka mmoja ni heri ilipe posho za walinzi wa msitu uliopo, hata kama hapatakuwa na picha ya mkurugenzi akiwa topeni.