Chui aliyeingia kupitia kidonda

Nilipokuwa mtoto kule Busia, mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alikuwa na kijitabu kilichochakaa. Ukurasa alioupenda ulikuwa na moyo mkubwa mwekundu uliojaa wanyama: tausi ni kiburi, mbuzi ni uzinzi, nguruwe ulafi, kobe uvivu, chui hasira, nyoka wivu, chura choyo. Picha hizo zilichapishwa Ujerumani mwaka 1812 na mhubiri Johannes Gossner, na wamisionari wakazieneza Afrika. Sisi tulidhani ni za kwetu. Tukitoka ibadani tulinong'onezana: yule mama ana chura, yule mzee ana tausi.

Nazipenda mpaka leo, ila nina neno nazo. Zinaonyesha mnyama akiingia kwa sababu mwenye moyo amemkaribisha. Na yule anayepenya kwenye kidonda ulichotiwa na mtu mwingine?

Namkumbuka Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda. Februari 1977, Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, Janani Luwum, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kivengere na mkewe wakakimbia usiku, wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Huko uhamishoni aliendelea kuhubiri, lakini moyoni uchungu juu ya Amin ulikuwa unamla. Ijumaa Kuu ya mwaka huohuo, akiwa kanisani London, yalisomwa maneno ya Yesu msalabani, "Baba, uwasamehe." Yakamchoma. Alitambua kwamba yeye, mtu aliyedhulumiwa, ndiye mgonjwa pale. Baadaye alikiri hayo hadharani. Alikuwa Mlokole, yaani mtu wa uamsho wa Kikristo wa Afrika Mashariki, na Walokole wa mwanzo hawakukiri kwa mdomo tu. Walirudisha hata vitu walivyoiba.

Hapo ndipo naona tunakosea tunapoongea habari za afya ya kiroho. Tunapima machozi wakati wa sifa, tunapima sauti ya "haleluya". Lakini katika Kiebrania cha Biblia, moyo ni mahali mtu anapowaza na kukata shauri, si pa kuhisi tu. Kiswahili kinajua hivyo pia, maana tunasema "nimeamua moyoni". Kwa hiyo Yeremia 17:9 inaposema moyo "una ugonjwa wa kufisha", siioni kama habari ya huzuni. Ni habari ya maamuzi yetu, yale tunayoyarudia kila asubuhi bila kumwambia mtu.

Uamuzi wangu ulikuwa huu: kutomsalimia baba yangu mdogo. Baada ya mazishi ya baba alisogeza mpaka wa shamba, akapanda muhogo kwenye kipande chetu. Miaka mitatu nilimpita njiani kama mti. Miaka hiyohiyo niliimba kwaya, nikatoa sadaka, nikaongoza maombi ya vijana. Hakuna aliyeniuliza chochote, kwa sababu kwa nje nilikuwa mzima kabisa. Tena nilikuwa na haki! Haki hiyo ndiyo iliyomlisha chui.

Sisemi kusamehe ni kunyamazia dhuluma. Shauri la mpaka liko kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, na nataka liamuliwe kwa ukweli. Lakini mwezi uliopita, baada ya kusali Zaburi 51:10, "Ee Mungu, uniumbie moyo safi," kwa siku nyingi nikiwa sitaki jibu, nilikwenda kwake.

"Habari za hapa, baba mdogo."

Alinitazama muda mrefu. "Nzuri, mwanangu. Karibu ukae."

Hatukutaja shamba. Aliniuliza habari za mama, nikamweleza mguu wake unavyomsumbua. Mkewe akaleta chai na muhogo wa kuchemsha, wa moto. Nilijua umechimbwa wapi. Nikanawa mikono, nikala.