Besi Ilie Kama Kinanda, Na Watu Wa Kisumu Wasiseme Spika Imepasuka

Mtu akikuambia kupiga besi ni kazi rahisi juu ni nyuzi nne tu, mwambie aje Kisumu asimame nyuma ya bendi huku kiongozi amegeuka anamwangalia na lile jicho la mwenye nyumba tarehe tano. Shida yangu ni vijana wa kinanda. Siku hizi harusi ikiwa Mamboleo, ikiwa Ahero, ikiwa wapi, kamati haiulizi bendi iko na wapigaji wangapi, inauliza tu besi itakuwa "ile ya kuzunguka tumbo" ama ni ile ya kawaida. Na ile ya kuzunguka tumbo inatoka kwa kinanda. Jamaa wetu hata hatoi jasho, anabonyeza namba 39, ambayo kwa ile orodha ya sauti za vinanda inaitwa General MIDI, tangu 1991, ni Synth Bass 1, basi imeisha, mkono wa kushoto unafanya kazi yangu na wa kulia unakula samosa ya maharusi. Mimi niko hapo kando na malengelenge ya vidole, na malipo ni sawa, hata yeye anaongezewa ya teksi ati kinanda ni kizito.

Na hii ni nchi ya benga, muziki wetu wa gitaa, jameni! Hapa ndipo gitaa la besi lilikuwa linatembea mbele ya wimbo kifua nje, si kujificha nyuma ya ngoma. Leo naambiwa niige kinanda.

Kiongozi akaniita kando baada ya mazoezi. "Omera, si utafute kile kidude cha kukanyaga, hiyo gitaa ilie kama sinthi." Kidude. Anasema ni kama kiko kimoja, kiko kwa rafu pale Oginga Odinga Street kati ya chaja za simu na redio. Hajui ameniambia nianze shughuli ambayo imeninyima usingizi na imemfanya mama watoto aanze kuuliza hao watu naongea nao usiku kwa simu ni akina nani.

Wacha nieleze vile mimi naelewa hii maneno. Uzi wa besi ukiupiga unatoa wimbi la mviringo mviringo, linaanza na nguvu halafu linafifia. Fazi, ndiyo hiyo pedali ya kukanyaga ya kuchafua sauti, inalikuza hilo wimbi mpaka linagonga dari na sakafu, inalikata kichwa na miguu, linabaki la mraba. Na wimbi la mraba ndilo moja ya yale mawimbi ambayo sinthesaiza zenyewe, vile vinanda vya umeme, kina Minimoog ya 1970, zinaanzia kazi. Kwa hivyo kununua fazi ni kufika nusu ya safari. Nusu ingine ni filta, ile inafanya sauti ifunguke na kujifunga kila ukipiga uzi, waaauuu, na watu hawakwambii mapema ya kwamba utanunua vitu viwili, wanangoja ununue kimoja kwanza.

Haya, nikaenda kuuliza. Muuzaji mmoja akanitolea pedali ya gitaa la kawaida, imechorwa fuvu. "Hii ni hevi boss." Nikachomeka, nikapiga E ya chini kabisa, ule uzi mnene. Sasa hiyo E iko kwa hertsi 41 hivi, yaani uzi unatetemeka mara 41 kwa sekunde, ni noti ya kusikiwa na matako ukikaa kwa benchi, lakini kwa ile pedali ilitoka imekonda, nyeeee, chini hakuna kitu. Saketi nyingi za fazi zilitengenezewa gitaa la kawaida, kapasita za kuingilia ni ndogo, sauti ya chini inaachwa mlangoni. Muuzaji akasema niongeze volyum. Nikaongeza. Nyeeee ya nguvu.

Ndio maana mimi sasa, kabla hata niulize bei, nauliza kama iko na blendi. Hiyo ni nobu, kitufe cha kuzungusha, ya kuchanganya sauti safi ya besi na ile iliyochafuliwa, ndio chini ibaki nzito na juu ingurume. Pedali ya besi bila blendi mimi siitaki hata kwa zawadi, sawa, kwa zawadi nitachukua lakini nitanung'unika. Angalia fazi ya Big Muff ya kampuni ya Electro-Harmonix, hiyo iko tangu 1969, kila mtu anaiabudu, na kweli ukiwa peke yako chumbani unajisikia mfalme. Ingia na bendi sasa. Big Muff inachimba shimo pale katikati ya sauti, na katikati ndiko masikio ya watu yanakaa, kwa hivyo ngoma zikianza unapotea, unaona vidole vyako vinasonga na husikii kitu. Hao wenyewe baadaye walitoa ya besi ambayo unaweza kurudishia sauti safi. Yaani hata wao walijua.

Halafu kuna wale wa kuniambia kitu cha zamani ndio kitu. Ati tafuta germaniamu, transista zilizokuwa kwa fazi za Fuzz Face za kwanza za 1966. Nikawauliza mmewahi kuwa Kisumu saa nane mchana chini ya hema la harusi? Germaniamu ikipata joto inavuja mkondo, sauti inabadilika yenyewe, unaanza wimbo na pedali moja unamaliza na ingine. Hiyo wapelekee watu wa Limuru kwa baridi. Mimi ni transista za silikoni, kwisha.

Kitu ya pili nataka ni geti, na hapa ndio naona wengi wanachanganyikiwa. Kinanda ukitoa kidole noti inakufa hapo hapo. Gitaa na fazi likiachwa linaendelea kuhema, linavuta kelele za waya na za jenereta ya mwenye hema. Fazi yenye geti inakata mkia wa noti, pap, na hiyo pap ndiyo inamdanganya mtu ati amesikia sinthi. Ile pedali ya Woolly Mammoth ya Z.Vex wa Marekani iko na nobu inaitwa Pinch ya kuikaba noti hivyo, na chini yake ni nzito mpaka inaogopesha, nimeisikia kwa video mara nyingi kuliko sauti ya mamangu. Bei yake sitaitaja hapa kwa sababu mama watoto husoma vitu naandika.

Sasa siku ile niliazima fazi ya rafiki wa Nyalenda nikaenda nayo harusi. Maharusi wanaingia, watu wamesimama, nikakanyaga. Vvvvrrrrooom. Haki nilisikia raha mpaka magotini. Noti ya pili haikufika. Mtu wa saundi alikuwa ameruka viti vya plastiki, amepiga magoti mbele ya wufa, sikio limebandikwa kwa wavu, mkono mmoja uko juu ananionyesha ninyamaze.

"Nani amenipasulia spika?"

Nikamwambia spika iko sawa, hiyo ni fazi.

"Fazi ni nani?"

Nikaona nimweleze kwa upole, maharusi wamesimama hapo katikati ya zulia. Nikamwambia kule Nashville mpiga gitaa Grady Martin alikuwa anarekodi wimbo uliotoka 1961 na besi ya nyuzi sita, chaneli ya mixa ikaharibika ikaanza kunguruma hivi, wakaiacha hivyo hivyo kwa rekodi, na watu wakaipenda mpaka yule fundi wa studio, Glenn Snoddy, akasaidia kutengeneza saketi ya kuiga ule uharibifu, na 1962 ikatoka kama Maestro Fuzz-Tone, wakiitangaza ati gitaa litalia kama tarumbeta na selo. Kwa hivyo mzee, hii sauti tangu kuzaliwa ni ugonjwa wa mixa. Akanijibu mixa yake iko na magonjwa ya kutosha ya hapa hapa, haihitaji ya Marekani, akachomoa jeki yangu. Nilipiga harusi yote nikiwa sijachomekwa. Hakuna mtu aligundua, na hiyo ndio iliniuma zaidi.

Kiongozi alitaka tuachane na hiyo mambo kabisa, lakini nikampata kwa njia ingine. Yeye husikiliza bendi yetu kwa simu tu, zile video za WhatsApp, na kila siku analia besi haisikiki. Na ni kweli, spika ya simu haiwezi kutoa hertsi 41 hata uichape. Lakini fazi inaongezea ile noti ndugu zake wa juu, hertsi 123, 206, kwenda juu, na hizo simu inazitoa, halafu ubongo wako wenyewe unajijazia ile ya chini ukidhani umeisikia. Nikamchezea klipu mbili, safi na chafu, akakodoa macho. "Hii besi umenunua lini?" Ni ile ile gitaa bwana.

Sasa usifikiri vita viliisha hapo. Kuna pedali ya oktava, ya kushusha noti hadi nusu ya hertsi zake ndio inenepe. Kampuni ya Boss walikuwa na pedali yao ya OC-2 tangu 1982 na watu wa besi bado wanaitafuta mpaka leo. Lakini hiyo ina masharti yake kuliko mkwe. Inataka noti moja moja, ukigusa nyuzi mbili inalewa inatoa sauti ya mtu anatapika. Inataka iwekwe kabla ya fazi, ipate sauti safi ya kufuata. Na usipige E ya chini ukiwa umeiwasha, kwa sababu nusu ya 41 ni 20 na kidogo, pale sikio la binadamu linapoishia, hapo utakuwa unawapigia viboko wa Dunga. Panda freti ya 12, cheza huko juu, oktava itakurudisha chini yenyewe. Filta nayo inakaa mwisho, baada ya fazi, ipate kitu cha kukata, na tena hapo fazi isiyo na geti inakusumbua kwa sababu imelainisha kila pigo hadi filta haijui umepiga saa ngapi.

Umeme sitaki hata kuongea. Pedali nyingi zinataka volti 9, hasi katikati ya pini. Nikaenda Kibuye kwa fundi, akanipa adapta ya wifi, volti 12, chanya katikati, nikamwonyesha ule mchoro kwa plastiki akaniambia stima ni stima. Akachukua betri ya mraba akailamba ulimi kupima, akakunja uso, akasema hii iko na nguvu, ongeza kidogo. Niliichukua hiyo betri, na mate yake.

Wikendi nikapata jamaa wa Nakuru anauza fazi ya besi, mkono wa pili, bei ya mtu anahama nyumba. Picha imepigwa usiku, nobu moja haiko. Nikauliza iko na blendi? "Iko nayo boss." Geti? "Hiyo pia." Nikauliza hiyo nobu imetoka ni ya nini. "Hiyo si ya muhimu." Nikamwambia basi nirekodie, piga E moja ya chini, iache ilie mpaka iishe, usiongee. Akatuma klipu, kuku wanalia nyuma, anapiga gitaa la kawaida. Nikamwambia ndugu, ni pedali ya besi, tafuta besi. Akasema shemeji yake ako na moja Njoro lakini haina uzi wa E, ataniimbia hiyo noti na mdomo nipate picha.

Ameimba. Iko na geti.